Jirani Amepata Mafuta: Jinsi ya Kupima Kitalu cha Pembeni Kabla Hujanunua Hisa

Februari 2022, ndani ya wiki chache, Shell walitangaza kukuta mafuta katika kisima cha Graff-1 na TotalEnergies wakatangaza Venus-1X. Visima vyote viwili viko Namibia, kwenye kina kirefu cha bahari, katika bonde la Orange, yaani eneo la matabaka ya miamba chini ya bahari linalovuka mpaka hadi Afrika Kusini. Kabla ya hapo bonde hilo lilijulikana zaidi kwa gesi ya Kudu, iliyogunduliwa mwaka 1974 na ambayo bado iko chini ya bahari hadi leo. Baada ya Februari ile, kila kampuni ndogo yenye kipande cha kitalu (eneo lililotolewa leseni ya kutafuta mafuta) Namibia ilitoa ramani mpya yenye nyota nyekundu mbili, Graff na Venus, na mshale unaoonyesha "sisi tuko hapa".

Hisa za kampuni hizo ndogo huuzwa London, Toronto na Sydney, na wanunuzi wake wengi ni watu binafsi: muuguzi mwenye akiba yake, dereva wa lori Minnesota, fundi kompyuta aliyefungua akaunti ya dalali kwenye simu. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nachukulia kwamba akaunti unayo, kiingereza cha matangazo ya kampuni unakisoma, na fedha unayotaka kuweka ni ile ambayo ikipotea yote watoto bado wataenda shule. Kama sivyo, ishia hapa.

1. Anza na tangazo la jirani lenyewe

Usianze na kampuni unayotaka kununua. Anza na aliyegundua. Nenda kwenye tovuti yake, chukua tangazo la siku ile ya ugunduzi, kisha chukua na ya miezi iliyofuata. Gazeti litakuambia "mafuta mengi". Tangazo litakuambia wamekuta nini, kwenye mwamba wa umri gani, kwenye kina gani cha maji, na kama kisima kilijaribiwa kutoa.

Hapo kuna mambo ya kuyatenganisha mapema. Kukuta mafuta kwenye mwamba ni jambo moja. Mafuta hayo kutiririka yenyewe hadi juu kwa kasi inayolipa ni jambo la pili. Aprili 2024 Galp ya Ureno ilisema eneo la Mopane, katika bonde hilohilo, linaweza kuwa na mapipa bilioni 10 au zaidi, na hisa zake zikapaa kwa takriban asilimia 20 siku moja. Lakini hizo bilioni 10 ni mapipa yaliyolala chini, mafuta na gesi kwa pamoja, si yatakayouzwa. Katika miradi ya baharini hutoka sehemu tu, na sehemu hiyo hutegemea jinsi mwamba unavyopitisha mafuta na kiasi cha gesi kilichomo ndani yake. Tangazo zuri la Galp lilikuwa lile la majaribio, ambapo kisima kilitoa kama mapipa 14,000 kwa siku, mafuta na gesi kwa pamoja. Hilo ndilo la kuweka alama.

Pia zizoee ngazi tatu za kuhesabu mapipa, maana kampuni ndogo hupenda kuzichanganya kwenye sentensi moja. Chini kabisa kuna rasilimali tarajiwa: hakuna aliyechoronga, ni makadirio kutoka kwenye picha za mitetemo, yaani picha za miamba ya chini zinazopatikana kwa mawimbi ya sauti. Juu yake kuna rasilimali zenye masharti: mafuta yameonekana kwa kisima, ila mradi haujaamuliwa. Akiba ndiyo ya juu, pale mradi umeshapitishwa na fedha zipo. Ukiona kampuni inasema ina mapipa bilioni mbili bila kutaja ngazi, tafuta ripoti ya mtaalamu huru. Karibu kila mara utakuta ni ngazi ya chini.

2. Uliza jirani amethibitisha kitu gani hasa

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa.

Ili mafuta yapatikane lazima vitu kadhaa viwepo kwa pamoja. Mwamba mama uliopikwa na joto la ardhi hadi ukatoa mafuta. Njia ya mafuta kusafiri kutoka huko. Mwamba hifadhi wenye vitundu vya kuyapokea, mara nyingi mchanga uliogandamana. Mtego, yaani umbo linaloyazuia yasiendelee kupanda. Na kifuniko juu yake, kwa kawaida tope gumu, kisichovuja. Kimoja kikikosekana, kisima ni kikavu.

Ugunduzi wa jirani huthibitisha vizuri kitu kimoja: mwamba mama, kwa sababu huo hutanda eneo kubwa. Wakati mwingine husaidia pia kuhusu mwamba hifadhi, kama mchanga wenyewe unaonekana kuendelea hadi kwenye kitalu chako. Mtego na kifuniko ni mali ya kila mtego peke yake, na ugunduzi wa jirani hausemi lolote juu yake. Yeyote aliyechimba kisima cha maji Dar es Salaam anaijua hali hii: kwa jirani yametoka matamu, kwako ya chumvi, na ukuta ni mmoja.

Pwani yetu wenyewe ina somo la kutosha. Kuanzia mwaka 2010 gesi nyingi ilipatikana kwenye kina kirefu cha Tanzania na Msumbiji: Pweza, Chewa na Chaza upande wetu, Windjammer kisha Mamba upande wa Rovuma. Mwambao wa Kenya, ulio kaskazini tu ya hapo, ukageuka dhahabu kwenye makaratasi. Mwaka 2012 Apache walichoronga Mbawa-1 katika kitalu L8 wakakuta gesi isiyotosha biashara. Mwaka 2013 Anadarko walichoronga Kubwa na Kiboko, hakuna kilichotoka cha kuuza. Mwaka 2014 BG walichoronga Sunbird-1 katika L10A, wakakuta gesi na mafuta kidogo katika mwamba wa matumbawe ya kale, navyo havikutosha. Eni nao walichoronga Mlima-1 mwaka 2022 bila kupata cha kibiashara. Kampuni ndogo ya Australia, Pancontinental, ilikuwa na sehemu katika Mbawa na Sunbird zote mbili, na wanahisa wake walisubiri miaka kadhaa kwa hamu ya gesi ya Tanzania.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika mwamba wa jirani ni wa umri gani na wako ni wa umri gani. Kama jirani amepata kwenye mchanga wa enzi ya Kretase na kitalu chako kinalenga matumbawe ya enzi ya baadaye, umbali wa kilomita 20 hauna maana kubwa. Kinyume chake, kilomita 80 kwenye mchanga uleule, upande uleule wa bonde, ni ujirani wa kweli. Ramani yenye nyota haikuonyeshi hilo. Picha ya mkato wa miamba ndiyo inayoonyesha. Kampuni isiyokuwa nayo kwenye wasilisho lake kwa wawekezaji inaficha kitu au haijui kitu.

Hata bonde la Orange lenyewe limeshatoa jibu. Januari 2025 Chevron walimaliza Kapana-1X katika leseni ya PEL 90, kitalu kinachopakana na vitalu vyenye ugunduzi, na hakikuwa na mafuta ya biashara. Mwezi huohuo Shell waliandika hasara ya takriban dola milioni 400 kwa visima vyao vya Namibia. Mafuta waliyakuta, tena zaidi ya mara moja, ila mwamba ulikuwa mgumu kupitisha na gesi ilikuwa nyingi mno.

3. Fanya hesabu ya uwezekano

Usiiogope, ni kuzidisha tu. Kila kitu nilichotaja hapo juu kipe namba kati ya sifuri na moja, kisha zidisha zote.

Tuseme kabla ya ugunduzi ulikuwa na mashaka na mwamba mama, ambao hapa nauhesabu pamoja na njia ya mafuta kusafiri, ukaupa 0.5. Hifadhi 0.7, mtego 0.6, kifuniko 0.6. Ukizidisha unapata 0.126, yaani kama asilimia 13. Jirani akagundua. Sasa mwamba mama unaupa 0.9 na vingine vinabaki vilevile, kwa sababu hujajifunza chochote kipya kuvihusu. Unapata 0.227, kama asilimia 23.

Tazama vizuri. Uwezekano umekaribia kuwa mara mbili, na ni sababu halali ya hisa kupanda. Lakini bado zaidi ya visima vitatu kati ya vinne vya aina hii vitakuwa vikavu. Kama hisa imepanda mara sita tangu tangazo la jirani, umechelewa. Unalipia mara tatu ya kile ambacho ugunduzi umekupa.

Ripoti ya mtaalamu huru mara nyingi hutoa asilimia hii moja kwa moja. Itumie, lakini uone kama imegawanywa kwa kila kipengele. Zingatia pia kwamba ni uwezekano wa kukuta mafuta, si wa kuyauza kwa faida. Ule wa pili siku zote ni mdogo zaidi.

4. Kampuni yako ina asilimia ngapi, na nani analipa

Kampuni ndogo haimiliki kitalu, inamiliki kipande. Wakati mwingine inamiliki kipande cha kipande. Sintana Energy, iliyojulikana sana baada ya Mopane, ilikuwa na asilimia 49 ya kampuni ya Custos, na Custos ilikuwa na asilimia 10 ya leseni ya PEL 83. Zidisha: 4.9. Kwa kila mapipa mia ya Mopane, chini ya matano yalikuwa ya wanahisa wake, kabla serikali haijachukua mrabaha na kodi. Si kosa, na hawakuficha. Ila mtu aliyesikia "bilioni 10" akanunua bila kuzidisha amenunua kitu kingine.

Kisha uliza nani anagharamia kisima. Kwenye maji ya mita 3,000 kama ya Venus, kisima kimoja kugharimu dola milioni 100 si ajabu. Kampuni yenye dola milioni tano benki hailipi hata sehemu yake ndogo kwa raha. Ndiyo maana kampuni nyingi huuza sehemu ya leseni kwa kampuni kubwa, na kwa malipo kampuni kubwa huibeba kwenye gharama za kisima. Kubebwa ni jambo jema, lakini soma masharti: kuna kubebwa kwa kisima kimoja tu, kuna kubebwa hadi uzalishaji uanze, na kuna kubebwa ambako kiukweli ni mkopo utakaokatwa kwenye mafuta ya kwanza.

Jambo jingine naliamini kuliko wasilisho lolote: jina la aliyeingia. Kampuni kubwa ikikubali kulipia kisima baada ya wahandisi wake kukagua data za mitetemo kwa miezi, kuna watu wenye macho makali wameona kitu. Si dhamana, Chevron walikuwemo Kapana. Lakini kitalu ambacho kimetangazwa kutafutiwa mbia kwa miaka mitatu na hakuna aliyekuja kimeshakaguliwa na wengi na kukataliwa kimyakimya.

5. Geuza yote kuwa bei ya hisa moja

Chukua kampuni ya kubuni. Mtego mmoja, mapipa milioni 400 yanayoweza kutolewa kama kisima kitafaulu. Sehemu ya kampuni ni asilimia 5, basi mapipa milioni 20. Pipa lililogunduliwa kwenye kina kirefu lakini halijaendelezwa halina bei ya pipa sokoni. Tuseme mnunuzi angelipa dola 2. Thamani ikifaulu: dola milioni 40. Zidisha kwa uwezekano wa asilimia 23: dola milioni 9.2. Benki kuna milioni 4. Jumla 13.2. Hisa ziko milioni 400. Kila hisa inastahili kama senti 3.3 za dola.

Sasa hisa inauzwa senti 15. Fanya hesabu ya upande wa pili: kisima kikifaulu, kampuni ina thamani ya milioni 44, ambayo ni senti 11 kwa hisa. Yaani hata ukishinda, umenunua ghali. Na hapo hatujagusa hati za kununulia hisa (haki ya kununua hisa mpya baadaye kwa bei iliyopangwa) walizopewa wakurugenzi na wafadhili wa zamani. Kama zipo milioni 100, jumla ya hisa ni milioni 500 na senti 11 zinashuka kuelekea 9.

Atakayekupinga atasema kitalu kina mitego mitano, si mmoja. Ni hoja ya kweli, na ndiyo inayofanya hisa hizi zipande baada ya kisima cha kwanza kufaulu. Lakini mitego mitano ya kitalu kimoja mara nyingi hutegemea kifuniko kimoja au mchanga mmoja. Kikifeli cha kwanza kwa sababu hiyo, vingine vinne vinaanguka nacho. Usijumlishe thamani zao kana kwamba hazijuani.

Badilisha namba zangu uweke zako. Nikikutana na mtu anayeniuliza kama hisa fulani ni nzuri, humuuliza kwanza ametumia dola ngapi kwa pipa. Asipokuwa na jibu, tunaongea mambo ya mpira.

6. Kagua fedha benki na uuzaji wa hisa mpya

Fungua hesabu za mwisho. Tazama fedha taslimu, gawa kwa matumizi ya mwezi, upate miezi iliyobaki. Ikiwa ni chini ya mwaka na kisima kiko mbali, kampuni itauza hisa mpya, na itauza kwa punguzo, mara nyingi pale bei inapopanda kwa habari za jirani. Ndiyo maana hisa inaruka asubuhi ya tangazo, halafu wiki mbili baadaye inatoka taarifa jioni kwamba hisa milioni kadhaa zimeuzwa kwa wawekezaji wakubwa chini ya bei ya soko. Wewe mdogo hukuitwa.

Tazama pia wakurugenzi wananunua kwa fedha zao au wanapewa tu, na mishahara yao ni kiasi gani ukilinganisha na gharama za kazi ya utafutaji. Kuna kampuni ambazo kazi yake halisi ni kulipa ofisi.

Na kwa wale wa nyumbani: yeyote anayekuuzia "hisa za kitalu" kwenye WhatsApp kabla hazijafika sokoni, kwa M-Pesa, ni tapeli. Hakuna cha kuchunguza hapo. Dalali halali yuko kwenye orodha ya mamlaka ya masoko ya mitaji, CMSA Tanzania au CMA Kenya, na kama uko ughaibuni, kwenye orodha ya mdhibiti wa nchi uliyopo. Kama unatuma fedha nje ukiwa Tanzania, iulize benki yako kwanza kuhusu kanuni za fedha za kigeni, si baada ya dalali kukukatalia.

7. Weka kalenda na uamue mapema utauza lini

Leseni ina tarehe ya mwisho na kazi ambazo kampuni imeahidi serikali. Kama meli ya kuchoronga haijakodiwa na leseni inaisha mwakani, tegemea kuomba muda. Hisa hizi hupanda polepole kuelekea siku ya kisima, kisha siku ya matokeo hupanda sana au huanguka kwa zaidi ya nusu kabla hujafungua simu.

Wazoefu wengi huuza nusu au zaidi kabla kisima hakijafika kwenye tabaka lengwa, wabaki na sehemu ambayo mtaji wake umesharudi. Mimi naona ni busara kwa mtu wa akiba ndogo. Utakosa ushindi mkubwa siku moja, lakini hutakaa usiku unangoja taarifa ya Namibia ukiwa na ada ya muhula ndani yake.

Na ukishinda, miaka bado iko mbele. Huko Guyana, Amerika ya Kusini, mfano wa kasi duniani, eneo la mafuta la Liza liligunduliwa Mei 2015 na mafuta ya kwanza yakatoka Desemba 2019. Eneo la Sea Lion, kwenye visiwa vya Falkland kusini mwa Atlantiki, liligunduliwa Mei 2010, na zaidi ya miaka 10 baadaye hakuna pipa hata moja lililokuwa limeuzwa. Gesi ya kina kirefu ya Tanzania, sehemu kubwa ya zile futi za ujazo trilioni 57 tunazozisikia kila bajeti, bado ipo palepale.

8. Siku ya matokeo

Soma aya ya kwanza, kisha nenda moja kwa moja kutafuta maneno kuhusu ubora wa mafuta na sampuli. Agosti 2019 Tullow na Eco Atlantic walitangaza Jethro-1 katika kitalu cha Orinduik, jirani na vitalu vya Exxon vya Guyana, na mwezi uliofuata Joe-1. Hisa zilisherehekea. Novemba sampuli zilionyesha mafuta mazito yenye salfa nyingi, tofauti na yale mepesi ya Liza, na hisa za kampuni zote mbili zikaporomoka.

Falkland ilikuwa mbaya zaidi. Desemba 2010, baada ya Rockhopper kufaulu Sea Lion, kampuni ya Desire iliyokuwa ikichoronga bonde lilelile ilitangaza kwamba kisima chake cha Rachel North kimekuta mafuta, kwa kutegemea vipimo vya awali vilivyoshushwa kisimani. Siku chache baadaye sampuli ikapandishwa juu: maji.

Kwa hiyo tangazo likisema "vipimo vya awali vinaonyesha", bila sampuli iliyoletwa juu na bila jaribio la kutiririsha, usiongeze hata senti siku hiyo. Kama bei imeruka na ulishapanga kuuza, uza. Kama ulipanga kubaki, rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya tatu, futa namba za zamani, weka zilizothibitishwa, uzidishe upya.